PhD ya Sweden ni ajira, siyo msaada

Wiki hii tena nimepata meseji: "Kaka shikamoo, naomba linki ya skolashipu ya PhD ya nishati jadidifu, iliyolipiwa kila kitu, nina First Class." Jamani. Hili neno skolashipu limeshawakosesha watu wengi nafasi.

Sweden na Norway PhD ya uhandisi kwa kawaida ni ajira. Mradi upo, hela ipo, anatafutwa mtu wa kuifanya kazi yenyewe, ndo maana tangazo linakaa kwenye nafasi za kazi za chuo. Unasaini mkataba, unalipwa mshahara, unakatwa kodi, una likizo, ada hulipi. Sweden ni miaka 4, ukifundisha inafika hata 5. Norway ni 3, au 4 ukipewa na majukumu ya idara. Zile za Marie Skłodowska-Curie, programu ya Umoja wa Ulaya, nazo ni mkataba wa kazi, uraia wowote, ila kwenye miezi 36 kabla ya kuajiriwa usiwe umeishi nchi ya chuo hicho zaidi ya miezi 12, kwa hiyo uliyemaliza masta ya miaka 2 Ujerumani juzi juzi omba ya Denmark. Na ile posho wanayotangaza inatolewa kwanza makato ya mwajiri halafu kodi yako, usimwahidi mama nyumba kwa namba ile.

Sasa barua, hapa ndo panaponiuma. Kuna mdogo wangu kanitumia barua yake niipitie, nafasi yenyewe ni ya udhibiti wa inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa DC wa sola kuwa AC, kwenye gridi ndogo za sola. Aya 3 nzima anaeleza kijijini kwao hakukuwa na umeme, alisomea kibatari. Ni kweli na inagusa, lakini profesa anayesoma ana rundo la maombi na swali moja tu, huyu ataiweza kazi hii? Nikampigia, we kwenye masta ulifanya nini? Akaanza kusimulia alivyofunga loga ya volteji, yaani kifaa cha kurekodi vipimo, kijiji fulani, akaona kila saa 4 asubuhi volteji inadondoka, kumbe mashine ya kusaga, mota ikiwashwa moja kwa moja inavuta umeme mara 5 hadi 7 ya kawaida yake, inverta inajilinda, kijiji kizima giza. Akaunda modeli kwenye MATLAB, programu ya hesabu za uhandisi, akaonyesha kifaa cha kuwashia mota taratibu kinaondoa tatizo. Yaani tangazo lilikuwa linauliza hichohicho! Na kwenye barua hakuna hata mstari mmoja! Tukaifuta yote, loga ikaenda sentensi ya kwanza.

First Class inasaidia, sikatai, ila mwenye Upper Second na kazi kama ile ya loga mimi namwita kwenye usaili kwanza.

Kuna jambo matangazo hayasemi. Nafasi nyingine zinatangazwa huku msimamizi ana mwanafunzi wake wa masta anayemtaka. Tangazo la siku chache lenye masharti membamba linanitia shaka, ila nimeshawahi kushuku nikakosea, kwa hiyo omba tu. Na miaka 3 kwa mada ya uchakavu wa betri naiona michache, kuzeesha seli peke yake kunaweza kula mwaka mzima. Ukiitwa usaili muulize msimamizi kama seli zimeshaanza kuzungushwa maabara, yaani kuchajiwa na kumalizwa chaji tena na tena, kama bado akuonyeshe data ya zamani utakayoanzia.