Kusahihisha kumbukumbu za jeshi si kubadili jina

Kuanzia Malindi hadi Faza, mwanajeshi mstaafu ambaye jina lake limeandikwa ovyo kwenye karatasi za jeshi hupewa shauri lile lile: "Nenda kwa wakili ukabadilishe jina." Anayelitoa hana nia mbaya. Ila shauri lenyewe humpeleka mzee wa watu pasipo.

Kusahihisha ni kuondoa kosa lililokuwamo tangu siku ya kuandikwa, ili kumbukumbu iseme kilichokuwa kweli siku ile. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 35(2), inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomwathiri. Kubadili ni pale ambapo jina la kwanza lilikuwa sahihi, kisha mwenyewe akaamua kuliacha. Kila moja lina karatasi yake. La kwanza huenda na hati ya kiapo, yaani afidaviti. La pili huenda na hati ya kubadili jina, ile inayoitwa dipoli, ambayo husajiliwa na kutangazwa katika Gazeti la Serikali.

Sasa chukua mtu aliyeandikwa Athman Omari jeshini ilhali kitambulisho chake kinasema Othman Omar. Akifanya dipoli ya kutoka Athman kwenda Othman, amekiri kwa mhuri kwamba hadi siku hiyo jina lake halali lilikuwa Athman. Kisha anaandikia jeshi kudai kwamba Athman lilikuwa kosa tangu mwanzo! Karani mwenye macho atauliza ashike lipi, na hatakuwa amekosea. Akigeuza upande, akabadili kitambulisho kifuate jeshi, basi hati ya shamba, akaunti ya benki, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto vyote vinabaki nyuma na jina la zamani. Alikuwa na karatasi moja mbovu, sasa anazo tele.

Dipoli ina mahali pake. Aliyesilimu baada ya kustaafu akachukua jina jipya, huyo amebadili kwelikweli. Kumbukumbu zake za jeshi hazina kosa na hazihitaji kuguswa. Dipoli huambatishwa tu kuonyesha kwamba yule wa zamani ndiye huyu wa sasa.

Pwani yetu ina sababu zake za kuzidisha makosa haya. Swaleh, Saleh na Salehe ni masikio matatu ya makarani watatu. Abubakar hugeuka Bakari bila mwenyewe kuulizwa. Kwa Wagiriama jambo ni zito zaidi, maana mjukuu huitwa jina la babu: Kazungu Charo humzaa Charo Kazungu. Majina yakipinduliwa kwenye fomu, karani wa Nairobi haoni kosa la mpangilio. Anaona baba na mwana, watu wawili. Hapo kiapo lazima kieleze utaratibu huo wa majina, na kitaje jina la baba na la mwana aliye hai mwenye jina linalofanana, pamoja na namba za vitambulisho vyao kama zipo.

Hati ya kiapo nayo huharibiwa kwa haraka. Iliyo maarufu husema tu kwamba majina yote yaliyoandikwa ni ya mtu mmoja, ikaishia hapo. Haitoshi, kwa sababu haimwambii karani aandike lipi. Iseme lipi ni sahihi, lipi ni kosa, na kosa liko kwenye karatasi gani yenye namba gani. Kila tahajia inayotokea popote itajwe herufi kwa herufi. Iliyoachwa ndiyo itakayorudisha faili. Viambatisho viwekwe alama A, B, C na kila kimoja kigongwe mhuri wa Kamishna wa Viapo, yule mwenye mamlaka ya kuapisha. Mahali na tarehe ya kula kiapo ziandikwe, maana sheria inazidai. Kama mzee hasomi Kiingereza, atafsiriwe kabla hajatia sahihi au dole gumba, na hati yenyewe iseme hivyo.

Barua ya maombi huenda Wizara ya Ulinzi, Ulinzi House, Nairobi. Itangulize namba ya jeshi, kwani hiyo ndiyo itakayolipata faili hata jina likiwa limepinda. Fuatisha cheo, kikosi, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Ambatisha nakala ya cheti cha kustaafu jeshini, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa kama kipo, na hicho kiapo. Usitume karatasi halisi; kutoka Amu, yaani Lamu, hadi Nairobi ni mbali, na kilichopotea njiani hakina wa kukitafuta. Jibu likija, lifikishe pia Idara ya Pensheni ya Hazina ya Taifa. Ile ni kumbukumbu nyingine, na kusahihishwa kwa moja hakusahihishi ya pili yenyewe.

Tarehe ya kuzaliwa tusiichanganye na haya. Siku na mwezi vikipinduliwa, hilo ni kosa la kalamu. Lakini aliyejipunguzia miaka ili apite kwenye usajili hana kosa la karani la kusahihisha. Serikali hushikilia tarehe ambayo mtu mwenyewe aliitoa alipoajiriwa, na kuapa uongo juu yake ni jinai. Huyo akaonane na wakili kabla ya kuandika neno lolote.

Na mjane wa mstaafu haapi kwa niaba ya marehemu. Huapa yale anayoyajua yeye: kwamba aliishi na mtu huyo, na aliitwa hivi na hivi. Cheti cha kifo akikague kabla hajaondoka nacho ofisini, kisije kikaongeza tahajia nyingine.

Kwa hiyo akija mstaafu barazani na karatasi zake, usianze na wakili wala dipoli. Muulize kwanza: siku ulipoingia jeshini, jina lako lilikuwa lipi?