Askari wa udongo wa China walikuwa na rangi
Wengi tumezoea kuwaona askari wa udongo wa Xi'an, yaani sanamu zilizozikwa kulinda kaburi la mfalme mkuu wa kwanza wa China, wakiwa kijivu, tukaamini ndivyo walivyotoka mikononi mwa mafundi. Si ajabu, maana karibu kila picha inawaonyesha hivyo.

Walipozikwa, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, walikuwa wamepakwa rangi tangu utosini hadi miguuni. Baada ya kuchomwa tanuruni, walisiribwa utomvu wa mti wa laka, kisha wakapakwa nyekundu, kijani, bluu, hata zambarau iliyotengenezwa kwa kuchoma madini kwenye moto mkali. Kaburini kulikuwa na unyevu. Ufukuaji ulipoanza mwaka 1974, hewa kavu iliikausha laka, ikajikunja na kubanduka pamoja na rangi, pengine kwa dakika chache tu. Inauma sana.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta picha ya karibu ya mpiga upinde aliyepiga goti. Ikuze, uangalie kamba za deraya mgongoni: wekundu bado umebaki. Kisha tazama soli ya kiatu chake. Fundi alitoboa nukta za mshono moja moja, zimesongamana vidoleni na kisiginoni, chache katikati.