Rutikiti haimwingizi mtu kwenye seva

Seva ikianza kutuma spamu usiku wa manane, au CPU ikigonga asilimia 100 na hakuna anayeitumia, lazima atokee mtu aseme "tumeingiliwa na rutikiti (rootkit), si mnaona faiawoli, yaani kichujio cha mtandao, ilikuwa imezimwa". Wiki hii nimeisikia tena, tena kwa mtu anayelipwa kuzilinda hizo seva, kwa hiyo acha niliandike.

Rutikiti ni programu, au furushi la programu, ambalo mvamizi analiweka kwenye mashine akishapata mamlaka ya root, ili asionekane na ili akitaka kurudi arudi. Root ndo yule mtumiaji mkuu wa Unix na Linux, mwenye namba 0, asiyekatazwa kitu. Basi, maana yenyewe imeishia hapo. Kazi yake ni kuficha faili, prosesi, poti, akaunti. Kumwingiza mtu mara ya kwanza si kazi yake, akishafika kuiweka ujue alishaingia zamani.

Zile za mwanzo, miaka ya 1990 inaanza, kwenye mashine za SunOS, zilikuwa furushi kweli: jamaa anakuja na ls yake (amri ya kuonyesha faili), ps yake (prosesi), netstat yake (miunganisho ya mtandao), ifconfig yake (kadi ya mtandao), anazipachika mahali pa zile halali. Ifconfig ya nini? Ni kwamba alikuwa amewasha snifa inayonasa pasiwedi zinazopita kwenye mtandao, na kadi ya mtandao ikiwa kwenye hali hiyo ifconfig halali inaandika PROMISC, sasa ile ya kwake inalificha hilo neno na admini anaangalia anaona kila kitu shwari. Baadaye wakahamia ndani ya keneli yenyewe, kile kiini cha mfumo ambacho kila programu inakiuliza, kwa kupakia moduli, yaani kipande cha kuongezea keneli, na hapo hata ukileta ls safi kutoka kwingine haikusaidii, maana ls inaiuliza keneli na keneli ndo inayodanganya, ni kama kumuuliza mlinzi aliyekwishahongwa kama usiku kulipita mtu.

Chukua kisa cha kernel.org mwaka 2011, kwenye seva zinazotunza msimbo wa Linux. Mwisho wa Agosti wakagundua kuna mtu ana root, na rutikiti iliyokutwa ni ile inayoitwa Phalanx. Aliingilia wapi? Wenyewe walisema wanaamini huenda ilikuwa kwa akaunti ya mtumiaji halali iliyokuwa imeshaibwa. Sasa niambie faiawoli gani ingemzuia mtu anayekuja kwa jina na ufunguo wa mwenye haki? Phalanx ilikuja baadaye, ikamfunika tu.

Na wanaosema rutikiti ni kirusi je? Kirusi ni kitu kingine kabisa, chenyewe kinajisambaza. Mwaka 2005 Sony BMG waliuza CD za muziki ambazo ukiziweka kwenye Windows zinapachika rutikiti, mtaalamu wa Windows Mark Russinovich akaianika Oktoba mwaka huohuo. Ilikuwa inaficha kila faili ambayo jina lake linaanza na $sys$. Haikuwa inajisambaza kwenye mashine nyingine, mteja alikuwa anaiweka mwenyewe kwa mkono wake. Halafu haikupita muda watengeneza virusi wakaanza kuziita faili zao $sys$ ili zifichwe humohumo. Hapo unaviona viwili mbalimbali, kirusi kimoja na kitu kinachokificha.

Turudi kwenye faiawoli. Iptables na nftables, faiawoli za Linux, za kwenye seva hiyohiyo zinafanya kazi ndani ya keneli, na mwenye root anabadilisha sheria anavyotaka. Hata asipozigusa, anafungua muunganisho wa kwenda nje kwenye poti 443 kama vile seva inavuta apdeti, na watu wengi kinachotoka hawakichuji hata kidogo. BPFDoor, programu ya mlango wa nyuma iliyoanikwa 2022, ikiwa inasubiri haifungui poti yoyote, inasoma pakiti kabla faiawoli ya mashine haijaamua kitu, inasubiri ile moja yenye alama yake. Faiawoli iwashe, tena ichuje na kinachotoka, ila isitegemewe ikwambie nani yumo ndani.

Cha kukwambia ni ushahidi ambao mvamizi hajaushika. Piga nmap, programu ya kukagua poti zilizo wazi, kutoka mashine nyingine halafu linganisha na ss -tlnp ya ndani, inayoorodhesha poti zinazosikiliza: nje ikiona poti inajibu na ndani haimo, usilale. Kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, kila folda inahesabu viungo vyake, viwili vyake pamoja na kimoja kwa kila folda ndogo, kwa hiyo amri ya stat ikisema viungo 9 na ls -la ikakuonyesha folda ndogo sita, kuna moja inafichwa. Angalia /etc/ld.so.preload, faili inayolazimisha maktaba fulani ipakiwe kwenye karibu kila programu, kwenye seva nyingi hiyo faili haipo kabisa. Rkhunter na chkrootkit, programu za kutafuta rutikiti, ziendeshe ukitaka, mi nazitumia, lakini zikisema safi kumbuka zinaiuliza keneli ileile. Jibu la kuaminika linapatikana ukizima mashine, ukaiwasha kwa USB safi na kuisoma diski kutoka nje, au logi zikiwa zinatumwa seva nyingine tangu siku ya kwanza.

Kinachoniuma kwenye ile sentensi ni hiki, ukiamini rutikiti ndo iliyokuingilia, ukiifuta utaona kazi imekwisha, na pasiwedi iliyoibwa bado iko mkononi mwa mtu, au programu-jalizi ya tovuti bado ina tundu lilelile, na baada ya muda anarudi. Seva ya hivyo inasetiwa upya kutoka mwanzo, funguo zote zinabadilishwa.

Kwa hiyo tafadhali, kwenye ripoti usiandike "tumeingiliwa na rutikiti". Andika waliingilia wapi, walipataje root, halafu ndo uandike waliweka rutikiti gani kujificha. Na kama pa kuingilia bado hapajajulikana, andika hivyohivyo kwamba hapajajulikana, na hiyo seva usiirudishe hewani kwanza.