Mkondo wa Jangwani Si Ua wa Kufagiwa

Kila majira ya mvua yanapokaribia, wakazi wanaopakana na mikondo ya jangwani, yaani njia za mito ambazo hukaa kavu na kufurika ghafla mvua ikinyesha, hunijia na ombi lile lile: leteni tingatinga, mng'oe vichaka, mzoe mchanga na magogo, mnyooshe kona, ili maji yakija yapite upesi. Huliomba kwa nia njema, na wengi wao wamewahi kuona maji yakiingia ndani ya nyumba zao, kwa hiyo silidharau. Hata hivyo nimelijibu mara nyingi mno, mikutanoni na ukingoni kwenyewe, na sasa nalijibu kwa maandishi, kwa sababu katika miaka yangu ya kutunza mikondo hii kama maeneo ya wazi ya umma sijaona kitu kilichoiharibu kuliko usafi wa namna hiyo.

Anayetoa ombi hilo anauona mkondo kama bomba lisilo na kifuniko, na kila kilichomo ndani yake kama uchafu unaoliziba. Sakafu ya mkondo wa jangwani, kwa kawaida, ni mchanga na kokoto zisizoshikana, na kinachozuia mafuriko yasizisombe zote ni vitu vile vile tunavyoombwa kuviondoa, yaani mizizi inayofunga kingo, magogo yaliyojikita mchangani na kona zinazorefusha njia ya maji. Vikiondolewa, maji hukimbia, na kasi yake ikiongezeka mara mbili, msukumo wake dhidi ya ukingo huongezeka takriban mara nne. Kona zikinyooshwa, maji yale yale hushuka kimo kile kile kwa njia fupi zaidi, maana yake mteremko umekuwa mkali kuliko ulivyokuwa. Nguvu inayopatikana kwa njia hizo mbili huishia kuchimba sakafu.

Uchimbaji huo hauishii pale tingatinga lilipofanya kazi, na hapa ndipo ninapokosa subira, kwa kuwa jambo hili linaonekana kwa macho na bado halisadikiwi. Mahali sakafu iliposhuka panabaki genge dogo, yaani ukuta wa wima katika sakafu, pengine wa kufika gotini tu. Maji ya mafuriko yafuatayo huanguka juu ya genge hilo, hula chini yake, genge huporomoka na kurudi nyuma, na kwa jinsi hiyo hupanda kuelekea juu ya mkondo, mafuriko baada ya mafuriko, likipita chini ya madaraja, likifukua misingi yake na mabomba yaliyozikwa, hadi likutane na mwamba au kizingiti imara. Aliyeomba usafi mbele ya nyumba yake anaweza kuwa amemharibia jirani wa juu asiyemfahamu, huku jirani wa chini akipokea kwa wakati mmoja maji ambayo zamani yalimfikia kidogo kidogo, pamoja na mchanga wote uliochimbwa.

Sakafu ikishuka, maji ya ardhini yaliyo karibu na mkondo nayo huelekea kushuka, kwa kuwa hutiririkia mahali palipo chini zaidi. Miti ya kingoni huyategemea maji hayo kwa mizizi yake mirefu. Mti mzima huweza kuvumilia kwa muda kisha ukaanza kukauka kuanzia vileleni, lakini mche wa msimu mmoja hauna muda huo, kwani mizizi yake inaweza kufuata unyevu unaoshuka sentimita chache tu kwa siku. Kingo zilizopoteza miche huonekana nzuri kwa miaka kadhaa, kisha miti mizee hufa na hakuna iliyokuwa ikikua kuichukulia nafasi. Wakati huo wakazi wale wale hutuuliza kwa nini kivuli kimetoweka.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Las Vegas Wash huko Nevada, Marekani, mkondo wa takriban kilomita 19 unaopeleka maji ya jiji, mengi yakiwa maji taka yaliyosafishwa, katika Ziwa Mead. Jiji lilipokua, maji yaliongezeka, mkondo ukajichimba, na ardhi oevu iliyokuwa na ukubwa wa hekta 800 hivi katika miaka ya 1970 ikapungua hadi takriban hekta 80 mwishoni mwa miaka ya 1990. Kamati ya uratibu iliundwa mwaka 1998, na tiba iliyochaguliwa ilikuwa kinyume cha kufagia: vizingiti zaidi ya 20 vilijengwa kukata mkondo ili kupunguza kasi ya maji na kushikilia sakafu, kisha mimea ya asili ikapandwa kingoni. Leo pana hifadhi kubwa ya ardhi oevu ambako watu hutembea na kutazama ndege. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 20.

Kusafisha kuna mahali pake. Magogo yanayorundikana kwenye nguzo za daraja au mdomoni mwa kalvati, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara, lazima yaondolewe, tena kabla ya mvua; takataka za nyumbani, matairi na vifusi vya ujenzi havina kazi yoyote mkondoni. Vichaka vilivyojaza njia nyembamba kati ya kuta mbili vinaweza kupunguzwa kwa mikono, matawi yakakatwa na mizizi ikaachwa. Ninachopinga ni mashine kushuka sakafuni bila mtu kutaja ni daraja lipi au nyumba ipi inayokingwa, na kwa kipimo gani. Ushauri wangu, ambao wenzangu wamechoka kuusikia, ni huu: chagueni mahali panne au patano, pigeni picha kutoka sehemu ile ile kabla na baada ya kila mafuriko, na fukieni minyororo ya chuma wima katika mchanga ili muone sakafu ilichimbwa kwa kina gani na ikajazwa tena kiasi gani. Mwaka mmoja wa vipimo hivyo hupunguza mabishano mengi.

Dhana nyingine hazinichukulii muda mrefu kama hiyo. Kuna wanaosema mto usio na maji umekufa, kwa hiyo ardhi yake ni tupu na inafaa kujengwa. Kule Namibia, mto Kuiseb hukaa sehemu kubwa ya mwaka bila maji juu ya ardhi, lakini mafuriko yake mafupi ndiyo yanayosomba mchanga wa matuta ya kusini na kuyazuia yasivuke kwenda kwenye nyanda za kokoto za kaskazini, na maji yanayozama katika mchanga wake hulisha migunga mikubwa ya kingoni pamoja na visima vinavyohudumia mji wa Walvis Bay.

Wengine husema saruji pekee ndiyo salama. Wakazi wa Scottsdale, Arizona, Marekani, waliukataa mfereji wa saruji uliopendekezwa kwa ajili ya mkondo wa Indian Bend Wash, na badala yake ukatengenezwa ukanda wa kijani wa kilomita 18 hivi wa bustani, viwanja na mabwawa, uliokusudiwa kufurika maji yakija na kurudi kutumika yakishapita. Mimi binafsi nisingeweka nyasi nyingi kiasi hicho, kwa kuwa nyasi jangwani ni kiu ya kudumu, lakini uamuzi wa kuyapa maji nafasi pana ulikuwa sahihi.

Mtamariski, mti mdogo unaoota kingoni mwa mikondo, nao umezushiwa mengi. Huko Marekani, ambako ni mmea wa kuletwa, kwa miaka mingi ilirudiwa kwamba mti mmoja hunywa karibu lita 750 kwa siku na kwamba ukiung'oa mto utatiririka. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba, eneo kwa eneo, unatumia maji kwa kiwango kinachokaribiana na mierebi ya asili. Mbawakawa walioachiliwa kuanzia mwaka 2001 waushambulie walileta tatizo jingine, kwa kuwa ndege mdogo aliye hatarini kutoweka alikuwa akijenga viota ndani yake, na mwaka 2010 serikali ilisitisha mpango wa kuwaachilia. Ukiung'oa bila kupanda kitu, unabaki na ukingo mtupu. Na kabla ya kuchukua shoka, hakikisha kwanza uko wapi, maana katika nchi nyingi za jangwa, Namibia ikiwemo, aina za mtamariski ni wenyeji.

Wapo wanaoamini kwamba mbingu ikiwa safi mkondo ni salama. Mvua iliyonyesha milimani, mbali na macho, hufika chini ya jua kali. Sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, 30 huweza kuliinua na kulisukuma gari dogo, na 60 huchukua magari mengi. Ndiyo maana tunafunga malango ya njia za chini hata siku isiyo na wingu, na tafadhali msiyaruke.

Dhana ya mwisho ni kwamba eneo la umma ni la kila mtu, basi na gari lake liingie. Mchanga wa sakafuni huonekana kama barabara, lakini magurudumu huponda miche ile niliyoitaja, huvunja ukingo kwenye kila mahali pa kuteremkia, na alama zake kandoni hugeuka kuwa vijito mvua ikinyesha. Vibao vya kukataza havijanisaidia sana. Kilichonisaidia ni mawe makubwa yaliyofukiwa theluthi moja ya kimo chake, yakiachiwa nafasi ya kupita kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto, na kuwekwa juu ya usawa wa mafuriko ya kawaida ili maji yasiyazunguke na kuyachimba.