Jibini, ukuta na cheti

Siku ya mwaka mpya wa 1802, Rais Thomas Jefferson alipokea zawadi ya ajabu kule Washington: jibini moja ya pauni 1,235, sawa na kilo 560 hivi. Ilikuwa imesafirishwa kutoka Cheshire, mji mdogo wa Massachusetts, na aliyefuatana nayo safari nzima alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, John Leland. Siku hiyohiyo Jefferson alitia saini barua fupi kwa Wabaptisti wengine, wa umoja wa makanisa ya Danbury, jimbo la Connecticut. Jibini watu wameisahau. Barua ndiyo iliyotuachia maneno yanayogombaniwa mahakamani mpaka leo: ukuta wa utengano kati ya Kanisa na Dola.

Nafundisha sheria ya katiba, na kila muhula tukifika kwenye mada hii naanza na hao Wabaptisti. Wanafunzi wengi huja wakidhani ukuta huo ni kazi ya watu wasioipenda dini. Jefferson mwenyewe tumweke kando kidogo, maana imani yake ilikuwa na mambo yake. Tuwatazame waliomwandikia. Hao walikuwa watu wa sala hasa, na ndio waliokuwa wanalalamika.

Connecticut wakati huo ilikuwa na kanisa la dola, la Wakongregesheni. Wakazi walitozwa kodi ya kumlipa mchungaji wa kanisa hilo. Mbaptisti aliweza kusamehewa, ila ilimpasa awasilishe cheti cha kuonyesha kwamba anasali kwingine. Ukilitazama jambo hili kwa mbali utauliza, sasa shida iko wapi? Cheti kinapatikana, kodi inasamehewa, kila mtu anasali anapotaka. Hakuna aliyefungwa, hakuna kanisa lililochomwa.

Lakini soma barua yao ya Oktoba 1801. Wanasema uhuru wa dini walio nao wanaupata kama hisani waliyokirimiwa, si kama haki ambayo mtu hawezi kuvuliwa. Kisha wanaongeza kwamba hata hisani hiyo wanailipia kwa kujidhalilisha kwa namna isiyomfaa mtu huru. Kwangu mimi mada nzima imo humo. Hisani ina mwenyewe. Leo kakupa, kesho anaweza kukunyima, na katikati hapo lazima umnyenyekee. Cheti kile hakikuwa na gharama kubwa; ubaya wake ni kwamba kukiwasilisha tu ni kukubali kuwa serikali ina neno juu ya sala yako, ila kwa wema wake imeamua kunyamaza.

Na Jefferson hakuwa na la kuwafanyia. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, ya 1791, yalilikataza Bunge la Marekani kusimika dini rasmi au kuwazuia watu kufuata dini zao. Yalilitaja Bunge hilo tu. Majimbo yalibaki na mambo yao. Connecticut iliachana na kanisa lake la dola mwaka 1818, Massachusetts mwaka 1833. Kwa hiyo barua ile ilikuwa faraja, na ilikuwa siasa pia. Kabla ya kuituma Jefferson alimwonyesha rasimu Mwanasheria wake Mkuu, Levi Lincoln, kisha akafuta aya nzima iliyoeleza kwa nini yeye hatangazi siku za kufunga na kushukuru. Pembeni akaandika kuwa aya hiyo ingewakwaza wafuasi wake wa majimbo ya mashariki, waliozoea matangazo hayo tangu zamani. Tunayajua haya vizuri zaidi tangu 1998, maabara ya FBI ilipoyafichua maneno yaliyokuwa chini ya wino. Hata ukuta wenyewe kwenye rasimu ulikuwa wa utengano wa milele. Neno la milele likakatwa. Siku mbili baada ya kusaini, Jefferson huyo huyo alikwenda ibadani ndani ya ukumbi wa Baraza la Wawakilishi, na aliyehubiri alikuwa Leland, yule wa jibini. Wale wanaomwita Jefferson awe shahidi wa upande wao, wa huku au wa kule, wangefaa kumsoma hadi Jumapili hiyo.

Ukuta wenyewe hakuubuni yeye. Roger Williams, mhubiri aliyefukuzwa Massachusetts na kuanzisha makazi ya Providence mwaka 1636, aliandika mwaka 1644 juu ya ukuta kati ya bustani ya kanisa na nyika ya dunia. Kwake kilichokuwa kikilindwa ni bustani.

Turudi kwenye vyeti, maana Connecticut haikuvimaliza. Karne ya ishirini jimbo hilo lilikuwa na sheria kwamba anayechangisha fedha za dini kwa watu wasio wa kundi lake lazima kwanza apate kibali cha afisa wa serikali, na afisa huyo ndiye aliyeamua kama shughuli ile kweli ni ya dini. Newton Cantwell na wanawe wawili, Mashahidi wa Yehova, walikuwa wakipita na vitabu na gramafoni katika mtaa mmoja wa New Haven uliojaa Wakatoliki. Jesse, mmoja wa wale vijana, aliwasimamisha wanaume wawili njiani, akawaomba ruhusa ya kuwapigia santuri. Wakakubali. Santuri ikaanza kulishambulia Kanisa Katoliki, na wale wawili walikuwa Wakatoliki. Walikasirika hasa, wakamwambia aondoke kabla hayajamkuta. Akabeba vitu vyake akaondoka. Hata hivyo Cantwell na wanawe walitiwa hatiani, kwa kuwa hawakuwa na kibali.

Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, iliwafutia hatia. Afisa wa serikali hawezi kupewa kazi ya kupima ipi ni dini na ipi siyo, kisha atoe ruhusa. Kesi hiyo pia ndiyo iliyoyabana majimbo moja kwa moja kwa kifungu cha uhuru wa kuabudu. Wabaptisti wa Danbury walijibiwa, kwa kuchelewa karibu miaka 140, na ndani ya jimbo lao wenyewe. (Siku chache tu baadaye Mahakama hiyohiyo ilikubali watoto wa Mashahidi wa Yehova walazimishwe shuleni kuisalimu bendera. Ilijirudi mwaka 1943.)

Upande wa pili wa ukuta, ule wa kusimika dini, majimbo yalibanwa mwaka 1947. Kesi ninayoipenda zaidi huko ni ya 1962, kuhusu sala ya maneno 22 iliyotungwa na wakuu wa elimu wa New York isomwe shuleni kila asubuhi. Serikali ilijitetea kuwa mtoto asiyetaka anaweza kunyamaza au kutoka nje. Mtoto anayeinuka peke yake mbele ya wenzake thelathini, huyo naye anawasilisha cheti. Mahakama ikaikataa sala hiyo. Siku hizi imelegea: mwaka 2022, kwa kura 6 dhidi ya 3, ilimpa haki kocha wa shule ya umma aliyekuwa akipiga goti kusali katikati ya uwanja baada ya mechi. Majaji walio wengi walimtazama kocha. Mimi bado nawafikiria wachezaji wanaosubiri kupangwa kwenye kikosi.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni uamuzi wa 1990. Wafanyakazi wawili wa Oregon walifukuzwa kazi na kunyimwa mafao ya kukosa ajira kwa sababu walikula peyote, dungusi kakati inayolevya, katika ibada ya Kanisa la Wenyeji wa Amerika. Mahakama ilisema sheria inayomhusu kila mtu haivunji Katiba hata ikiibana ibada ya mtu. Anayetaka msamaha akauombe bungeni. Jaji Scalia, aliyeandika uamuzi huo, alikiri waziwazi kwamba njia hiyo itaziumiza dini za wachache, akasema ndiyo gharama isiyoepukika ya demokrasia. Makundi ya dini yaliungana kupinga, na mwaka 1993 Bunge likapitisha sheria ya kuurudisha ulinzi uliokuwapo kabla ya uamuzi huo. Mwaka 1997 Mahakama ikaamua kwamba sheria hiyo haiwezi kuyabana majimbo.

Waumini wa peyote waliupata msamaha wao, kwa sheria ya Bunge la Marekani, mwaka 1994. Ibada yao leo ni halali. Na Bunge lililotoa linaweza kuondoa.