Sashe ya pili haiko bure

Juzi katika soko la Kadutu nilinunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mama muuzaji akazimimina ndani ya sashe nyeusi, kifuko chepesi cha plastiki, akaifunga, kisha akavuta nyingine. Nikamwambia moja inatosha. "Hapana, Papa, itatoboka. Hii ya pili nakupa bure." Nafundisha uchumi hapa Bukavu, na neno hilo "bure" ndilo linalonipa kazi kubwa kuliko yote darasani.

Kinachofuata baada ya sashe kutoka mkononi mwangu wanauchumi wanakiita athari za nje: gharama au faida inayomwangukia mtu ambaye hakununua wala hakuuza. Neno limeshazoeleka. Maana yake ndiyo watu wanaipindisha, kila mmoja kwa upande wake. Nitayajibu madai yao moja baada ya jingine.

"Muuzaji na mnunuzi wakishapatana, mambo yameisha."

Yameisha kwao wawili. Bukavu ni mji wa miteremko, na kinachotupwa Kadutu hakibaki Kadutu. Mvua ikinyesha, mifereji inakikokota hadi Kahuwa au Kawa, mito hiyo inakisukuma ziwani, na Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi. Kilomita chache baada ya mlango huo kuna bwawa la Ruzizi I, la mwishoni mwa miaka ya 1950. Chupa na sashe zinajikusanya hapo mpaka ukitazama kwa mbali unadhani ni nchi kavu. Zinazozama zinaziba njia ya maji kuelekea kwenye mitambo. Watu wanaziopoa kwa mikono, siku baada ya siku, na wazamiaji wanashuka kung'oa zilizokwama chini. Mtambo mmoja ukisimama, giza linaingia hadi kwenye kartie (mitaa) ambazo hazikutupa kitu. Chini zaidi kuna Ruzizi II, iliyoanza kazi mwaka 1989, ambayo Kongo, Rwanda na Burundi wanaimiliki pamoja. Kwa hiyo anayelipia uchafu wetu anaweza kuwa mtu wa Bujumbura ambaye hajawahi kuonja sambaza za Kadutu.

Tuweke hesabu ya ubaoni, ya kubuni kabisa. Sashe inatengenezwa na kuuzwa kwa franka 100. Kuiopoa, pamoja na umeme uliokosekana, ni franka 60. Gharama yake kamili ni 160. Mtu ambaye kwake sashe ina faida ya franka 120 ataichukua, maana sokoni ni 100. Amepata 20, wengine wamepoteza 60, na mji mzima umerudi nyuma kwa 40. Hakuna risiti inayoonyesha hiyo 40.

"Athari za nje zinausogeza mstari wa ugavi."

Mstari wa ugavi ni ule unaoonyesha wauzaji wako tayari kuuza kiasi gani kwa kila bei. Dai hili nalikuta kwenye mitihani kila mwaka, na wanaoliandika ni wanafunzi wazuri, ndiyo maana linaniuma. Katika soko la sashe lenyewe, athari za nje hazisogezi kitu. Mwagizaji anapanga mzigo wake kwa bei ya kiwandani, usafiri na forodha. Taka za Ruzizi hazimo kwenye daftari lake. Mstari wa ugavi unakaa palepale, na tatizo ni huko kukaa palepale. Ule mstari wa juu ambao mwalimu anauchora kwa chaki ya rangi ni wa gharama ya jamii nzima. Uko ubaoni, sokoni haupo. Ugavi utasogea siku gharama hiyo itakapoingia daftarini, kwa kodi, kwa faini au kwa sheria inayosimamiwa kweli.

Masoko yanayosogea ni ya watu wengine. Jioni ya delestaji, yaani umeme ukikatwa kwa mgao, tembea kidogo uangalie. Anayepikia umeme anarudi kwenye makala, yaani mkaa, basi mahitaji ya makala yanapanda. Mwenye jenereta anatafuta mafuta. Fundi wa cherehani ya umeme anashona nguo chache, ugavi wake unapungua. Mwenye friji la samaki, saa zikipita bila umeme, anatoa mali yote nje aiuze kabla haijaharibika. Kwa usiku mmoja ugavi unajaa na bei ya samaki inashuka, kesho yake hana cha kuuza. Wote hao wamesukumwa na kitu ambacho hakikuguswa katika soko lao. Na makala nayo si mwisho wa safari: miti inakatwa milimani, udongo unalegea, mvua inaushusha, tunaanza upya.

"Athari za nje ni ubaya tu."

Hapana. Jirani wa juu akipanda miti kwenye mteremko wake, nyumba ya chini inapona maporomoko bila kulipa kitu. Mtoto akipewa chanjo ya kipindupindu, anakinga na wale wanaochota maji naye. Kasoro ya upande huu ni kinyume cha ile ya sashe: anayelipa anahesabu faida yake tu, kwa hiyo mahitaji sokoni yanakuwa madogo kuliko yanayotufaa sote.

"Dawa ni kupiga marufuku, ibaki sifuri."

Kinshasa ilishapiga marufuku: amri ya mwishoni mwa 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki. Ile sashe yangu nyeusi haikuisoma. Rwanda, ng'ambo ya daraja, mifuko hiyo ilikatazwa mwaka 2008, na ukivuka nayo utanyang'anywa. Marufuku ambayo hakuna anayeisimamia haiondoi mahitaji, inawafundisha tu wauzaji pa kuficha mzigo.

Hata ikisimamiwa, sifuri si lazima iwe shabaha. Rudi kwenye hesabu yetu: yule ambaye sashe ina faida ya franka 200 kwake, labda anabeba nyama mbichi na hana chombo kingine, ana haki ya kuitumia hata akitozwa 160 yote. Kinachotakiwa kuondoka ni zile za 120, zile za "nakupa bure". Mwanauchumi Arthur Pigou alilieleza hilo mwaka 1920: mtoze mchafuzi kiasi cha madhara yake, halafu mwache achague mwenyewe. Ireland ilifanya hivyo mwaka 2002, senti 15 za euro kwa mfuko mmoja wa dukani, na matumizi yakaanguka kwa zaidi ya asilimia 90.

Mimi siiamini kila kodi, niseme wazi. Mahali ambapo mfanyabiashara anaweza kumpa mtu kitu kidogo akapita, kodi halisi ni hicho kitu kidogo. Pia msidhani aliyeandikiwa kodi ndiye atakayeilipa. Mzigo unamwendea asiye na njia nyingine. Ukitoza makala leo, mama asiye na umeme ataendelea kuyanunua, na sehemu kubwa ya kodi itatoka kwenye sufuria yake.

"Wahusika wakae, waelewane."

Mwanauchumi Ronald Coase, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1991, alionyesha katika andiko lake la 1960 kwamba inawezekana, kama haki ya kila mmoja inajulikana na kuongea hakugharimu. Kwa jenereta ya jirani, sawa, kaeni barazani. Kwa wakaaji wote wa komini za Kadutu, Ibanda na Bagira pamoja na nchi mbili za jirani, sijui mtakalia kiti gani.

"Shida ni watu wetu, ni wachafu tu."

Nakataa, na ushahidi ni chupa ya bia. Nenda ukatazame mfereji wa kartie yako baada ya mvua: utakuta chupa za plastiki za kila rangi, lakini chupa ya bia ya kioo utaitafuta sana. Ina vidanje. Ukitaka bia kioskini bila kuleta chupa tupu, unaacha pesa ya chupa. Kwa hiyo kijana yuleyule anayerusha sashe mferejini utamkuta jioni anapanda mlima, amebana chupa tatu tupu kwapani, anatembea taratibu zisigongane.