Kutuma CV kwa mawakala kumi hakukuongezei nafasi

Ujumbe huu haukomi kuzunguka kwenye magrupu: "Tuma CV kwa mawakala wa ajira wengi uwezavyo, watakutafutia kazi. Wapo kwa ajili yako." Sivyo.

Wakala kwa kawaida hulipwa na mwajiri, mara nyingi asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa atakayeajiriwa. Kwa hiyo haanzi na wewe. Anaanza na nafasi aliyopewa aijaze, kisha anatafuta mtu wa kulingana nayo. Ukitaka kuhakikisha, muulize tu: "Nani anakulipa, na nafasi hii ni ya kampuni gani?" Anayekudai wewe ada ya kusajiliwa, achana naye.

Ubaya wa kutapanya CV uko hapa. Mawakala wawili wakipeleka jina lako kwa mwajiri mmoja, huzuka ubishi wa nani alipwe, na waajiri wengine huukwepa kwa kukuweka kando, hata kama unafaa. Basi kabla CV haijatoka, mwandikie wakala: "Usinipeleke popote bila idhini yangu ya maandishi." Weka daftari: kampuni, cheo, wakala, tarehe. Wawili watatu wanaoijua fani yako wanatosha.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Wakala hukupigia simu, hukusifu, hukuandaa kwa usaili. Utamwonaje si mtu wako? Na kweli mnataka jambo moja, ila kwa nafasi aliyo nayo mkononi tu.

Ujumbe huo ukikufikia tena, usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyeutuma, hapo hapo kwenye grupu.